Kapu la Mengineyo

Makao makuu, 11 Januari

Wifi yangu Fundi,

Salaam nyingi, na samahani kwa kukuandikia kwa mkono kama watu wa zamani. Barua pepe za ofisi hupita machoni mwa wengi kabla ya kumfikia mwenyewe, na haya ninayotaka kukueleza ningependa uyapate kwangu kwanza, kabla ya kuyasoma kwenye waraka wa Mkurugenzi.

Habari njema ni kwamba Mengineyo imekufa. Unaukumbuka mpangilio wetu: kila rekodi iliyoingia katika hifadhi ya sauti ilipewa chumba kimoja tu, Siasa au Dini au Michezo au Burudani, na iliyokataliwa kote ikasukumwa Mengineyo. Kipindi chako chote cha Kazini, miaka yote uliyozunguka na kinasa sauti begani kwenye karakana, viwanda na vyumba vya kufulia vya hospitali, kimelala humo, na hakuna anayepita. Sasa nimemaliza kusanifu mpango mwingine. Rekodi haitakuwa na chumba. Itakuwa na lebo. Lebo zitakuwa nyingi kadiri inavyohitajika, na yeyote anayesikiliza, awe mfanyakazi au mtu aliye nyumbani kwake, ataweza kubandika ya kwake kwa maneno yake. Lebo zinazokaribiana nitaziunga undugu, ili anayetafuta "kiwanda" aipate na ile iliyoandikwa "kiwandani". Kila lebo itabeba jina la aliyeibandika.

Sikuweka orodha ya lebo zinazoruhusiwa. Mkurugenzi aliniuliza mkutanoni, "Na wakibandika upuuzi?" Nikamjibu kwamba lebo ni ushahidi wa alichokisikia mtu, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake hakusikia. Jibu lilipokelewa vizuri. Nilipofika nyumbani sikuwa na hakika nalo tena.

Habari mbaya ni hii. Nafasi katika mitambo imekwisha, na Mkurugenzi ameamua kwamba rekodi yoyote ambayo haitakuwa imesikilizwa hadi mwisho, na mtu japo mmoja, ifikapo tarehe thelathini Juni, itafutwa. Kanda zenyewe zilikwisha kutupwa zilipoota ukungu, kwa hiyo kufutwa ni kufutwa. Nilipinga kadiri nilivyoweza. Niliambiwa kwamba kama lebo zangu ni nzuri kama ninavyodai, basi zitaokoa kila kinachostahili kuokolewa.

Kwa hiyo bandika, wifi. Hakuna azijuaye rekodi hizo kama wewe. Kaka yako anakusalimu. Mgongo bado unamsumbua, naye analilaumu godoro.

Wifi yako,
Msanifu


Tawini, 30 Januari

Wifi Profesa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka.

Hiyo Mengineyo uliyoizika mimi nilikuwa nimeshaizoea. Mtu akikaa sana ndani ya kapu la takataka huliona sebule. Lakini sawa, umenitoa, nashukuru. Sasa nimekaa mbele ya kompyuta hii inayounguruma kama mgonjwa, nabandika. Karani wa tawi amehamishwa na hakuna aliyeletwa badala yake. Tumebaki mimi na mlinzi, na mlinzi ana usingizi kuliko mimi.

Nimeanza na ile ya chumba cha kufulia cha hospitali. Nimeandika: mvuke. Mashuka. Wanawake wanaobishana bila kukasirika. Mlango usiofunga vizuri. Mtu anaimba asijue anasikika. Nimeona raha, sikufichi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza mle ndani mna nini.

Halafu nikasimama nikajiuliza: ni nani katika dunia hii atakayeamka asubuhi akatafute "mlango usiofunga vizuri"? Wewe uliye huko juu unaona watu wanaandika nini kwenye hicho kidirisha chenu cha kutafutia. Niambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nakaribia kustaafu, na nikitoka hapa sitoki na kitu kingine. Watoto sikujaliwa, nyumba ni ya kupanga, mume unamjua alivyoondoka. Kazini ndicho kitu nilichokifanya.

Mwambie kaka mgongo ni uzee. Godoro halina kosa.

Wifi yako,
Fundi Sauti


Makao makuu, 22 Februari

Wifi yangu Fundi,

Umeomba ukweli. Watu wanatafuta mapenzi. Wanatafuta mpira, ugomvi, vichekesho, na wakati mwingine vifo vya watu mashuhuri. Hakuna hata mmoja aliyeandika "mvuke". Rekodi zako hazijafunguliwa, isipokuwa ile ya chumba cha kufulia, na aliyeifungua ni mimi. Niliifunga kabla haijaanza kwa sababu tuliitwa mkutanoni.

Sikuandikii hivi ili nikuvunje moyo. Nilidhani kwamba nikivunja kuta za vyumba, watu wangetembea wenyewe na kukutana na wasichokitarajia. Naanza kushuku kwamba mtu aliyeachiwa uhuru wa kutafuta chochote hutafuta kilekile. Lakini ni miezi miwili tu, na huenda natoa hukumu mapema.

Kama ushauri wangu una maana yoyote, ungejaribu kuzitazama rekodi zako kwa jicho la anayetafuta, badala ya jicho la aliyerekodi. Lebo ni mlango, na mlango hupimwa na mgeni. Nimeisoma tena sentensi hiyo na sijui kama ni kweli, ila nimechoka kufuta na kuandika upya, basi ipokee hivyo ilivyo.

Ofisini tumepunguzwa nasi. Nafanya kazi ya watu watatu, na wawili kati yao hawakuwa hodari tangu mwanzo.

Wifi yako,
Msanifu


Tawini, 16 Machi

Wifi Profesa,

Hii ni fupi kwa sababu vidole vinauma. Nimefuata ushauri wako. Nimezipitia lebo zote upya, moja baada ya nyingine, kwa jicho la mgeni kama ulivyosema. Si kazi ngumu mtu akishaelewa mgeni anataka nini.

Na wageni wameanza kuja! Karakana ya reli imefunguliwa. Kiwanda cha mbao kimefunguliwa. Hata ule mkutano wa idara ya maji, ambao mimi mwenyewe nilisinzia wakati naurekodi, kuna mtu ameusikiliza mpaka mwisho. Mlinzi ananiuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia nimepata mchumba.

Usichunguze sana. Furahi na mimi.

Wifi yako,
Fundi Sauti


Makao makuu, 10 Aprili

Wifi yangu Fundi,

Nimefurahi nawe, na zaidi ya hapo nimepata nguvu. Nilimwonyesha Mkurugenzi jinsi tawi lenu lilivyopanda, akasema "kumbe", neno ambalo kwake ni sifa kubwa.

Ila nina tatizo ambalo limenila wiki mbili nzima. Wasikilizaji wanalalamika. Mmoja alitafuta mapenzi akapelekwa kiwanda cha mbao. Mwingine alitaka mpira akajikuta ndani ya kikao kuhusu mabomba yaliyopasuka. Barua aliyotuandikia siwezi kukunukulia, maana mimi ni mke wa kaka yako na lazima nikuheshimu. Nilijua mara moja kwamba kosa ni langu. Nadhani limo katika ule undugu wa lebo. "Mapenzi" niliiunga na "ndoa", "ndoa" ikaungana na "nyumba", "nyumba" na "mbao", na ukoo ukiwa mrefu hivyo kila mtu huwa jamaa ya kila mtu. Nimeufumua wote, uzi kwa uzi, na bado malalamiko yanakuja. Sijui nimekosea wapi. Nimeanza kujiuliza kama mpango mzima haukuwa kiburi cha mtu aliyesoma sana akasikiliza kidogo.

Kwa sababu hiyo nimeongeza kitu ambacho mwanzoni sikukitaka. Chini ya kila lebo patakuwa na kitufe kimeandikwa "siyo". Msikilizaji akiona lebo haifanani na anachokisikia, atakibonyeza. Siyo zikizidi, lebo inadondoka yenyewe, na rekodi inashuka chini kabisa ya matokeo mpaka ipate lebo ya kweli. Nadhani ni haki: waliobandika wana sauti, na waliosikia wana sauti. Kitaanza kazi mwanzoni mwa Mei.

Kaka yako amenunua godoro jipya. Mgongo uko palepale.

Wifi yako,
Msanifu


Tawini, 24 Aprili

Wifi Profesa,

Pole kwa kazi. Mimi nadhani unajitesa bure. Watu hulalamika, ndiyo starehe yao. Mtu akitafuta mapenzi akapata mbao, si angalau amejifunza kitu kuhusu mbao?

Hicho kitufe chako cha siyo ni kizuri, sina neno. Nauliza tu, hakiwezi kusubiri mpaka Julai? Mashine zetu huku ni dhaifu, umeme wenyewe unakuja kama mgeni asiyealikwa, na kitu kipya kikiingia katikati ya kazi kinaweza kuvuruga. Pia watu wa mtandaoni hawana subira. Watabonyeza siyo kabla hawajasikiliza, kwa kuwa kubonyeza ni rahisi. Julai utakuwa umetulia na utakifanya kwa uzuri zaidi.

Ni ushauri wa mtu mzima. Ukiukataa sitanuna, lakini ufikirie.

Wifi yako,
Fundi Sauti


Makao makuu, 19 Mei

Wifi yangu Fundi,

Niliufikiria ushauri wako, nikauona ni woga wa kawaida wa mtu anayepewa mtambo mpya, nikakiwasha kitufe tarehe niliyopanga.

Rekodi za Kazini zinazama. Katika muda mfupi karibu zote zimeporomoka hadi chini, mahali ambapo hakuna anayefika isipokuwa amepotea. Nilidhani ni hitilafu nyingine ya undugu. Nikafungua moja baada ya nyingine kuona ni lebo zipi zilizodondoka, na chini ya kila lebo palikuwa na jina la aliyeibandika, kama nilivyopanga mwenyewe mwezi wa kwanza. Kiwanda cha mbao: mapenzi. Idara ya maji: mpira. Karakana ya reli: ugomvi wa wapenzi. Chumba cha kufulia: vichekesho. Jina ni lako kote.

Sitakuuliza kwa nini. Nilikwambia mwenyewe watu wanatafuta nini, na kuhusu mlango na mgeni. Ninalouliza ni jingine. Nilikuandikia kwamba natafuta kosa katika kazi yangu na silioni. Nilikwambia nimeanza kuushuku mpango wote, na akili yangu pamoja nao. Ukanijibu kuhusu umeme. Ungeandika mstari mmoja tu, wifi, nisingekiwasha kitufe kile. Mimi nimezizamisha rekodi zako kwa mkono wangu, nikidhani natengeneza kosa langu.

Siwezi kukizima sasa. Mkurugenzi amekipenda.

Wifi yako,
Msanifu


Tawini, 29 Mei

Wifi,

Nimekusikia. Kwamba sikukwambia, hapo umenishika na sina pa kukimbilia. Nilikuona huko makao makuu, na mtu wa makao makuu akishajua jambo analazimika kulifanyia kitu. Nikaona heri usijue. Mficha uchi hazai, basi na mimi sikuzaa.

Lakini usiniambie nilisema uongo kote. Umewahi kuisikiliza hiyo ya kiwanda cha mbao? Sijui kama umewahi kusikiliza hata moja. Mle mna mtu na mkewe, kila mmoja ameshika upande wake wa msumeno mrefu, wanapasua gogo. Hawasemi. Wamegombana asubuhi, hilo nalijua kwa kuwa nilifika wakiwa bado wanarushiana maneno. Msumeno unaanza kwa hasira, unakwama, unatoka, unakwama. Baada ya muda unaanza kwenda. Unakwenda sawasawa kabisa, kama pumzi ya mtu mmoja. Halafu mke anasema, "Bado umeshiba ujinga?" na mume anasema, "Kidogo." Na wanaendelea kukata.

Sasa wewe uliyesoma niambie, hayo kama si mapenzi ni nini? Ulimwambia Mkurugenzi kwamba lebo ni alichokisikia mtu. Mimi nilisikia.

Ya mpira, haya, hiyo nilitia chumvi. Kuna mzee mmoja kwenye kikao alisema idara imewapiga chenga wananchi. Nikaishika hiyo chenga nikaikumbatia.

Juni inaingia. Mimi sina la kufanya tena, nimekaa na mlinzi tunasikilizana tukipumua.

Wifi yako,
Fundi Sauti


Makao makuu, 13 Juni

Wifi yangu Fundi,

Ulinishuku kwamba sijasikiliza hata moja. Ni kweli. Nilisanifu namna ya kuziita rekodi maelfu kwa maelfu, na sauti zenyewe nilizijua kama mtu anavyojua watu wa daftari la wapiga kura. Jumamosi mchana nilifungua kiwanda cha mbao nikakisikiliza hadi mwisho, kaka yako akiwa kitako pembeni. Mke aliposema neno lake, kaka yako alinitazama. Nimeibandika upya lebo ya mapenzi kwa jina langu, na atakayebonyeza siyo abonyeze.

Ya mpira nimeiacha ianguke. Nadhani tunakubaliana hapo.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi nikamweleza yote, bila kukutaja wewe, ingawa si mtu wa kushindwa kukisia. Nilimwambia kipimo chetu hakipimi thamani ya rekodi, kinapima bahati ya jina lake. Alinisikiliza kwa upole. Akasema, "Dada, nafasi haijui falsafa. Nionyeshe nitakachofuta badala yake." Nilinyamaza. Kila nilichoweza kumtajia kilikuwa kazi ya mtu mwingine, aliyekaa tawi lingine akisubiri kama unavyosubiri wewe. Bado sijui kama kunyamaza kwangu kulikuwa ndiyo jibu sahihi.

Nilimuuliza jambo moja nikiwa mlangoni: je, sikio la mfanyakazi linahesabika? Alifikiri kidogo akasema sikio ni sikio.

Kwa hiyo nitasikiliza. Nimeomba likizo yangu yote, na kaka yako amekubali kusaidia, kwa kuwa mgongo umemweka nyumbani hata hivyo. Nimewaomba na wenzangu ofisini, lakini kila mmoja ana Mengineyo yake. Hatutazimaliza. Rekodi ndefu ni nyingi na siku ni chache, na nisikufiche, zitakazobaki zitafutwa. Naomba uniambie tuanze na zipi. Hakuna mwingine anayeweza kupanga hilo.

Wifi yako,
Msanifu


Tawini, 20 Juni

Wifi,

Ahsante. Mwambie na kaka ahsante, lakini umwambie kwa namna ambayo hatalia. Ana machozi ya karibu tangu utotoni.

Unaniuliza zipi kwanza. Nimejaribu. Nilichukua kalamu nikaandika ya kwanza, nikaikata. Nikaandika nyingine, nikaikata na hiyo. Nikaona kwamba ninachofanya si kuchagua za kuanza, ni kuchagua za kufa. Siwezi. Anzieni popote. Mimi na mlinzi tungesaidia kusikiliza, ila umeme wa huku hukatika kabla rekodi haijafika mwisho.

Lakini sikiliza. Wewe ndiye uliyeunda mtambo huo. Ukikaa kwenye kompyuta yako unaweza kuziwasha zote kwa pamoja, zipige kelele pamoja kama soko, ufunge mlango uende ukanywe chai. Ukirudi zote zimefika mwisho. Mashine haina macho. Mkurugenzi amesema sikio ni sikio, hakusema likae karibu kiasi gani. Nani atajua?

Sikulazimishi. Nasema tu kwamba njia ipo, na wewe unaijua kabla yangu.

Wifi yako,
Fundi Sauti


Makao makuu, 5 Julai

Wifi yangu Fundi,

Barua yako ilifika wakati bado kulikuwa na nafasi ya kuifuata. Niseme hivyo mwanzo, ili usije ukadhani ilichelewa posta.

Sikuziwasha kwa pamoja. Nilikaa mbele ya kompyuta mkono ukiwa tayari. Nilijiambia kwamba nilikulaumu kwa lebo za uongo, na kwamba usikilizaji wa uongo ungekuwa ndugu yake wa damu; na kwamba nikidanganya mtambo nilioujenga mimi, sitakuwa na haki ya kumwomba mtu mwingine auamini. Hoja hizo zilinitosha siku ile. Leo, baada ya kuona palipofutwa pamebaki pakavu, sina hakika kama ule ulikuwa uadilifu au kutotaka mikono yangu ionekane michafu, hali gharama unailipa wewe. Sikuombi unisaidie kuamua. Nataka ujue tu kwamba nililiona swali hilo.

Tulisikiliza kila siku tangu asubuhi hadi jioni, mimi sebuleni, kaka yako chumbani akiwa amelala chali. Tulibandika lebo kwa maneno yetu. Zake ni fupi mno: "wanaume, nyundo, mmoja mvivu." Rekodi za karakana ya reli zilimlaza usingizi. Nilipita mlangoni nikamwona amefumba macho, mdomo wazi, injini zikinguruma kifuani pake, na rekodi inakaribia mwisho. Sikumwamsha. Nimezihesabu zote za karakana ya reli. Kwa hiyo unaona kwamba hata uadilifu wangu una tundu, na ndani yake amelala kaka yako.

Zilizookoka ni zaidi kidogo ya nusu. Kiwanda cha mbao kipo, chumba cha kufulia kipo, reli ipo. Kiwanda cha viatu hatukukifikia, wala bandari kavu, wala wale wapiga chapa wa magazeti. Nimekutajia tatu tu. Nyingine utaziona mwenyewe utakapokuwa na moyo wa kutazama.

Ya mwisho niliifungua alasiri ya tarehe thelathini nikijua haitafika mwisho kwa wakati. Kompyuta yangu huvuta kwanza kipande cha inachokicheza na kukishika, kwa hiyo rekodi ilipofutwa kwenye hifadhi, kwangu iliendelea. Niliisikiliza ikiwa tayari haipo. Ilikuwa karakana ya mafundi wa mizani. Sehemu kubwa ni kimya, na vyuma vidogo vikigusana. Kuna fundi mzee mwenye kikohozi anayehesabu kwa kunong'ona. Mtu anaingia kutoka nje na mlango unaleta kelele za barabarani, kisha unazifunga. Anayeingia anauliza, "Hiyo ni kilo kamili?" Fundi anachelewa kujibu. Anasema, "Ni kilo ukiiamini." Halafu msichana mmoja anacheka, karibu kabisa na kinasa sauti, anajizuia, inamshinda, anacheka tena. Hapo inakatika.

Nilitaka kuibandika lebo, mkono ukaenda wenyewe, na hapakuwa na kitu cha kubandika. Ndiyo maana nimekuandikia hapa. Kaka yako alikuwa amelala, kwa hiyo hakuna mwingine aliyeisikia.

Sijui kama utanisamehe, wala sijui kama hilo ndilo ninalopaswa kuomba.

Wifi yako,
Msanifu


Tawini, 17 Julai

Wifi yangu,

Ungeziwasha zote. Nitasema hivyo mpaka nizikwe, na wewe utaendelea kuja kunisalimia, na mimi nitaendelea kukufungulia mlango. Tuyaache hapo.

Nilitazama zilizobaki. Nilikuwa nimejiandaa kulia kwa zilizokwenda, nikajikuta nasoma lebo za kaka. "Mmoja mvivu." Nilimsomea mlinzi, akauliza kama anasemwa yeye.

Sasa ile ya mizani. Unajua fundi sauti hatakiwi kusikika. Ukikohoa unakata, ukipiga chafya unakata, na mimi nilikata vizuri, nilisifiwa kwa hilo. Miaka yote ile hamna hata pumzi yangu kwenye kanda. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikidhani mpaka juzi.

Karakana ile walikuwa wazee watupu. Msichana hakuwepo mwingine. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, na lazima nilisahau kukata.

Umekisikia wewe peke yako. Ukipata nafasi, niandikie kicheko chenyewe kilikuwaje.

Wifi yako,
Fundi Sauti